Mwenye jengo ametia kufuli dukani kwangu. Bila mkataba sina haki?

SWALI: Asalaam aleikum, wakili. Mimi ni mshonaji hapa Kisauni, Mombasa. Duka nimelipanga tangu 2017. Hatukuandikiana chochote, kila mwezi namtumia mwenye jengo kodi kwa M-Pesa na sina deni. Juzi alinipigia simu nitoke kabla ya mwisho wa mwezi, eti kijana wake anataka kuuza simu pale. Nilipokataa, asubuhi nikakuta kufuli jingine mlangoni. Vyerehani na vitambaa vya wateja vimo ndani. Jirani ananiambia asiye na mkataba hana pa kushtaki. Ni kweli?

JIBU: Waaleikum salaam, fundi wangu. Si kweli hata kidogo, na inaniuma kuona wapangaji wakifungasha kwa sababu ya maneno kama hayo. Sura ya 301 ya sheria za Kenya, inayosimamia upangaji wa maduka na hoteli tangu 1965, inaulinda upangaji usioandikwa, na hata ulioandikwa ukiwa wa muda usiozidi miaka 5. (Nazungumzia duka, chumba cha kulala kina sheria zake.)

Upangaji wako haukatwi kwa simu. Mwenye jengo lazima akupe notisi kwa fomu iliyowekwa kisheria, ataje sababu, na akupe angalau miezi 2. Sababu zenyewe zimeorodheshwa: mfano, kodi iliyolala miezi 2 bila kulipwa, kutaka kubomoa ajenge upya, au yeye mwenyewe kutaka kulitumia kwa biashara yake kwa muda usiopungua mwaka 1. Yeye mwenyewe, fundi. Biashara ya kijana wake si yake, na hoja hiyo ningeishikilia mpaka mwisho mbele ya baraza linaloamua kesi hizi.

Kufuli usilivunje, hata ukiwa na hasira kiasi gani, usije ukampa la kukushtakia. Lipige picha. Nenda kituo cha polisi uandikishe OB (kitabu chao cha matukio), utaje vyerehani na vitambaa vyote vilivyofungiwa. Kisha wahi baraza lenyewe, yaani Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara, upeleke malalamiko pamoja na ombi la dharura, uombe amri ya kufunguliwa duka wakati kesi inasubiri kusikizwa.

Huenda baadaye akashauriwa, akaleta notisi iliyo sawa. Hiyo usiitie kwenye droo. Mjibu kwa maandishi ndani ya mwezi 1 kwamba hukubali, na ufungue kesi barazani kabla ya tarehe iliyoandikwa. Ukinyamaza, notisi inashika na upangaji unakwisha, hata kama sababu yake ingeanguka mbele ya baraza.

Na kodi endelea kuituma kwa namba ileile, tarehe ileile. Deni ndilo litakalompa sababu ambayo leo hana. Akikurudishia, hifadhi ujumbe wa M-Pesa na uziweke pesa hizo kando, baraza likiuliza uzitoe.