Kwa nini musaka yangu inatoa maji?

SWALI: Habari za kazi, mpishi. Nipo Isevya, Tabora. Jumapili ijayo nina wageni, tutakuwa watu wanane, na nimeahidi chakula cha Kigiriki: musaka (tabaka za biringanya na nyama chini ya sosi nyeupe), zaziki (mtindi mzito wenye tango) na kachumbari yao yenye jibini. Nimeshajaribu mara moja na mambo hayakwenda vizuri. Biringanya zilikunywa karibu nusu lita ya mafuta. Nilipokata musaka ilibomoka na maji yakajaa sahani. Sosi nyeupe ilifanya madonge, na zaziki baada ya nusu saa ilikuwa nyepesi ya kunyweka. Sina oveni, napikia mkaa. Feta, ile jibini ya kachumbari, sijaiona dukani huku. Nirekebishe wapi? Na asali yetu ya Tabora ina nafasi kwenye meza hiyo?

JIBU: Dada, pole na mafuta yako. Ukiacha madonge ya sosi na mafuta ya biringanya, shida zako nyingine zinatokana na jambo moja: maji yaliyobaki ndani ya vitu kabla havijachanganywa. Biringanya na tango ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na mtindi hauko mbali na hapo. Mpishi wa Kigiriki huyatoa mapema, kwa chumvi, kwa kitambaa na kwa kusubiri. Yakishaingia kwenye chakula hayaondoki, hata uongeze unga kiasi gani.

Tuanze na mtindi, maana huo unautengeneza Jumamosi. Mtindi wa sokoni mara nyingi umeshasukwasukwa kutoa siagi, na mwingine umeganda wenyewe kwa maziwa mabichi. Uliotolewa siagi hauna unono, ukiuchuja unabaki na punjepunje. Wa maziwa mabichi ni hatari zaidi, kwani unaweza kubeba vijidudu vya brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, na kuganda hakuviui. Gandisha wako. Chemsha lita mbili za maziwa mazima, acha yapoe hadi ukichovya kidole safi na kuhesabu kumi unaona ni ya moto lakini unavumilia (kama una kipimajoto, nyuzi 43 hadi 45). Koroga ndani yake vijiko vinne vya mezani vya mtindi wa dukani usio na sukari wala ladha. Funika, viringisha sufuria kwenye blanketi na usiiguse kwa saa saba. Maziwa yakiwa ya moto zaidi ya hapo mbegu ya mtindi inakufa. Yakipoa mno inachelewa na unapata kitu chembamba cha kuvutika.

Ukishaganda, mimina kwenye kitambaa cha pamba kilichochemshwa, funga ncha na uutundike juu ya bakuli kwa saa tano au sita, mahali pa baridi. Lita mbili zitabaki karibu nusu. Kipimo kizuri ni kijiko: ukichota na kukigeuza, mtindi usianguke. Yale maji ya kijanikijani yaliyochuruzika usiyamwage, kandia mkate wako wa Jumapili.

Tango sasa. Kwa gramu 500 za mtindi uliochujwa chukua gramu 300 za tango. Menya, pasua kwa urefu, kwangua mbegu zote kwa kijiko kwa sababu hapo ndipo penye majimaji mengi, kisha kwaruza. Nyunyiza nusu kijiko cha chai cha chumvi, acha nusu saa, halafu kamua kwa mkono hadi tone la mwisho. Utashangaa ujazo wake ukipungua kiasi hicho. Changanya na punje mbili za kitunguu saumu zilizosagwa, kijiko kimoja cha siki, vijiko vitatu vya mafuta ya zeituni na nanaa iliyokatwa. Onja ndiyo uongeze chumvi, kwa kuwa tango limeshabeba yake. Weka kitunguu saumu kidogo kuliko unavyotaka, maana kibichi huzidi ukali kadiri kinavyokaa. Zaziki ikae kwenye friji saa mbili au tatu kabla ya kuliwa.

Musaka ndiyo kazi yenyewe. Kwa watu wanane tumia sufuria pana ya kipenyo cha sentimita 28 hivi na kina kisichopungua sentimita 7. Utahitaji biringanya kilo moja na nusu, viazi mviringo gramu 600, nyama ya ng'ombe ya kusaga gramu 800 na maziwa lita moja ya sosi. Biringanya ziwe zile ndefu za zambarau, ngumu, zenye ngozi inayong'aa. Ngogwe haziwezi kushika nafasi hiyo: ni ndogo, zimejaa mbegu na uchungu wake utatawala sufuria nzima.

Kata biringanya unene wa sentimita moja. Zikiwa nyembamba zaidi zinayeyuka, zikiwa nene katikati panabaki pabichi. Zipange kwenye chujio, nyunyizia vijiko viwili vya mezani vya chumvi kwa jumla, weka sahani juu na kitu kizito, acha dakika 40. Suuza haraka, futa kila kipande kwa taulo kavu. Ndani ya biringanya mmejaa vijitundu vya hewa, na mafuta yakikuta vijitundu hivyo viko wazi yanaingia kama maji kwenye sifongo. Chumvi huvuta maji, nyama ya biringanya inalegea na vijitundu vinafumba. Ndiyo maana hatua hii inakuokolea mafuta, mbali na kupunguza maji.

Hata hivyo usizitumbukize kwenye mafuta mengi. Pasha kikaango cha chapati, paka kila kipande mafuta ya alizeti kwa brashi pande zote mbili, choma hadi kipate madoa ya kahawia na kulainika. Kwa njia hii mafuta hayafiki hata robo lita. Mafuta ya zeituni ghali uyabakize kwa kachumbari na zaziki, yanapoliwa mabichi na harufu yake inasikika. Viazi vikate unene wa nusu sentimita, vikaange hadi karibu viive.

Nyama: kaanga vitunguu maji viwili hadi vilainike, ongeza nyama moto ukiwa mkali, ivunjevunje. Itatoa maji yake. Subiri yakauke na uanze kusikia ikikaangika, hapo ndipo ladha inapoingia. Kisha weka punje tatu za kitunguu saumu, nyanya tano zilizoiva zilizokwaruzwa bila maganda, kijiko kimoja cha mezani cha nyanya ya kopo, kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu mbili, pilipili manga na chumvi. Mdalasini usiuache kwa kuona ni kiungo cha pilau, kwa sababu ndio unaoipa musaka harufu yake. Pika moto mdogo bila mfuniko dakika 35 hadi 40. Pitisha mwiko chini ya sufuria: njia uliyochora ikibaki wazi na hakuna mchuzi unaoijaza, imekauka inavyotakiwa. Naamini hapa ndipo musaka yako ya kwanza ilipoharibikia. Nyama iliyo tamu kwa wali ina mchuzi mno kwa musaka.

Sosi nyeupe: siagi gramu 100, unga wa ngano gramu 100, maziwa ya uvuguvugu lita moja. Ukitumia samli weka gramu 80 tu, kwani siagi ina maji karibu asilimia 16 na samli haina. Yeyusha, tia unga, koroga dakika mbili bila kuuacha ubadilike rangi. Epua. Mimina maziwa kidogo, koroga hadi laini kabisa, ndipo umimine mengine. Gawa mara tano. Madonge hutokea maziwa yanapomiminwa yote kwa mpigo: unga wa nje unavimba na kufungia unga mkavu ndani. Rudisha motoni, ichemke dakika tano ukikoroga, la sivyo itabaki na ladha ya unga mbichi. Ongeza chumvi na kungumanga kidogo. Acha ipoe dakika kumi, kisha ingiza viini vitatu vya mayai. Ukiviweka sosi ikiwa ya moto sana vitaiva vipandevipande.

Panga hivi: paka sufuria mafuta, viazi chini, nusu ya biringanya, nyama yote, biringanya zilizobaki, sosi juu. Viazi vinakaa chini makusudi, vinyonye unyevu unaoshuka. Chini ya nyama nyunyiza vijiko vitatu vya chenga za mkate mkavu kwa kazi hiyohiyo.

Kukosa oveni kusikutie hofu, kwani ni moto uleule unaookea keki. Weka mchanga mkavu wa sentimita tatu kwenye sufuria kubwa, pandisha musaka juu ya mawe matatu madogo, funika kwa sinia la chuma na upange mkaa juu yake. Mkaa mwingi uwe juu, theluthi moja tu chini, kwa kuwa vyote vilivyo ndani vimeshaiva na kinachotafutwa ni sosi kushika na kupata rangi. Huchukua dakika 45 hadi 60. Ukisikia harufu ya kuungua kabla juu hapajageuka rangi, punguza wa chini mara moja.

Baada ya kuepua, usikate! Iache saa nzima. Ikiwa ya moto sosi bado ni laini na lazima ibomoke. Inapopoa unga na mayai vinashikana. Wagiriki wenyewe huila ya vuguvugu. Wageni wakifika saa moja usiku, iwe imetoka motoni saa kumi na mbili kasoro.

Kuhusu feta, kwa sheria ya Umoja wa Ulaya tangu 2002 jina hilo ni la jibini ya Ugiriki peke yake: maziwa ya kondoo, au ya kondoo yenye ya mbuzi yasiyozidi asilimia 30, ikikomaa miezi miwili au zaidi. Hutaipata nyumbani kwa siku moja, ila jibini nyeupe ya chumvi inawezekana. Chemsha lita tatu za maziwa ya mbuzi au ng'ombe, epua, mimina vijiko sita vya mezani vya maji ya limau ukikoroga taratibu. Yakatike dakika kumi, chuja kwa kitambaa, changanya na vijiko viwili vya chai vya chumvi, gandamiza kwa uzito wa kilo mbili kwa saa mbili. Kwenye friji itakaa siku tatu. Haiyeyuki, kwa hiyo sehemu yake bora ni juu ya kachumbari.

Na kachumbari hiyo haina kabichi wala saladi ya majani: nyanya vipande vikubwa, tango, kitunguu, pilipili hoho, zeituni ukizipata, kipande kizima cha jibini juu, oregano kavu (majani ya kiungo) na mafuta ya zeituni. Hapa maji ya nyanya yanaruhusiwa, huchovywa mkate. Tia chumvi mezani.

Asali iweke kwenye kitindamlo. Chukua mtindi uliobaki, mwagia asali ya nyuki wakubwa (wale wanaouma) na karanga zilizokaangwa na kutwangwa kidogo. Ugiriki hula hivyo kwa kokwa za jozi (walnut) badala ya karanga. Asali ya nyuki wadogo (wasiouma) ni nyepesi na chachu kwa sababu ina maji mengi zaidi, hivyo itaufanya mtindi ulegee tena baada ya kuuchuja saa zote hizo. Kama huna nyingine, mwagia bakuli lilipo tayari mbele ya mgeni.