Samaki wanaoishi wawili wawili: Tanganyika pia tunao

Mkuu mleta mada, umeuliza kama ni kweli wale samaki vipepeo uliowaona kisiwani Chumbe, Zanzibar, hukaa na mwenza mmoja hadi kufa, na kama sisi watu wa Kigoma tunao wa namna hiyo. Nimezamia samaki wa mapambo Ziwa Tanganyika kwa miaka mingi, kwa hiyo nitaegemea zaidi huku kwetu.

Kuhusu bahari: ni kweli. Aina nyingi za vipepeo, hasa wanaokula matumbawe hai, hukaa dume na jike pamoja kwa miaka wakilinda eneo lao. Dume akifukuza wavamizi, jike anapata nafasi ya kula. Ila hilo la "hadi kufa" lisikudanganye, maana mmoja akiliwa, aliyebaki hutafuta mwingine.

Huku hatuna matumbawe, tuna mawe. Kwenye mawe ya pembeni kabisa, pale mawimbi yanapopiga, yuko samaki mdogo wa kahawia mwenye mistari na vidoa vya buluu, kitaalamu Eretmodus cyanostictus. Wafugaji wa nje humwita gobi. Haelei vizuri kwa sababu kibofu chake cha hewa ni kidogo, kwa hiyo hurukaruka juu ya mawe akikwangua mwani. Ukimwona mmoja, tulia, mwenzake hayuko mbali. Ukimtisha huyu, mara nyingi wote wawili wanaingia mwanya uleule.

Malezi yao ndiyo yananivutia zaidi. Jike huanza kubeba mayai mdomoni, baadaye anawahamishia watoto kwenye mdomo wa dume, naye anamalizia kazi. Kwa hiyo ukikuta mwenye mashavu yaliyojaa, usikimbilie kusema ni mama. Watafiti walipima vinasaba vya watoto wakakuta kweli ni wa baba na mama hao hao wawili. Mwenye mdomo uliojaa mimi simkamati, maana akibanwa na wavu huwatema wote. Na ukikamata wenza, wauzwe pamoja. Ukichanganya wasiojuana kwenye tanki dogo watapigana mpaka mmoja afe.

Sasa kuhe. Kigoma tunamjua zaidi kwenye sahani, na wengi hawajui kwamba ni miongoni mwa wakubwa kabisa duniani katika ukoo wa perege. Anaweza kuzidi sentimita 60. Dume na jike hutaga maelfu ya mayai chini, kisha wote wawili wanalinda, na watoto wakishaanza kuogelea wazazi wanakwenda nao kundi zima. Muda huo wote hawali, au wanakula kidogo sana, na unaona kabisa walivyokonda. Watafiti wanaamini kuhe huzaa mara moja tu maishani, kisha hufa. Kama ni hivyo, mkuu, "hadi kufa" uliyoiuliza inamfaa kuhe kuliko kipepeo yeyote wa Chumbe.

Ndiyo maana naumia mtu anapomvua kuhe mwenye watoto. Nimemwona aliyebaki peke yake: akifukuza adui upande huu, upande ule watoto wanaliwa. Hatapata mwenza mwingine wa kumsaidia kwa wakati, na huenda hatazaa tena. Wavuvi wenzangu wa mshipi na wazamiaji, kuhe aliyekonda mwenye wingu la vitoto pembeni hana hata nyama ya maana. Mwacheni. Wapo wengine wanaozurura bila watoto, vueni hao.

Ukija Kigoma, tafuta miwani ya kuzamia, uingie kwenye mawe ya ufukwe wa Jakobsen. Gobi utawaona hata maji yakiwa ya kiunoni. Kuhe anataka kina zaidi, na si kila siku anaonekana. Kabla hujaingia, uliza wenyeji habari za mamba.