Mkataba na mteja: andika kazi inaishia wapi

Anayeanza biashara ya kuwatangazia wengine biashara zao hudhani mteja atagombana naye kwa sababu ya kazi mbovu. Mara nyingi ugomvi hutokana na jambo ambalo hakuna aliyeliandika. Mteja aliposikia "tutasimamia mitandao yako" alielewa kwamba utajibu meseji za wanunuzi wake hata usiku. Wewe ulimaanisha posti tatu kwa wiki. Nyote wawili mnasema kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Kwa hiyo anza na idadi. Kifungu cha kazi kiwe na sura hii:

"Mtoa huduma ataandaa na kuweka posti 12 kwa mwezi kwenye kurasa za Facebook na Instagram za mteja: picha 8 zenye maandishi na video fupi 4 zisizozidi sekunde 45. Kila posti itarekebishwa hadi mara 2. Kujibu meseji, kupiga picha kwenye eneo la biashara na kuchapisha vipeperushi havimo katika ada hii."

Sentensi ya mwisho ndiyo itakayokuokoa. Wengi huorodhesha watakachofanya na kusahau kutaja kisichomo, kisha kila ombi jipya linakuwa "kitu kidogo tu". Fafanua pia marekebisho ni nini: kubadili neno, rangi au picha ni marekebisho; kubadili wazo zima baada ya kuidhinishwa ni kazi mpya na ina bei yake. Tena mkataba umtaje mtu mmoja tu wa kuidhinisha. Pasipo jina, mwenye biashara atakubali asubuhi na mbia wake atakataa jioni, na wewe utarudia kazi bure.

Mpe mteja siku 3 za kazi za kuidhinisha. Akichelewa, tarehe ya kukabidhi isogee kwa siku zilezile na ada ibaki palepale. Wapo wanaoandika kwamba ukimya wa mteja ni idhini. Sishauri: bei ikikosewa kwenye tangazo ambalo hakuna aliyelisoma, lawama itakurudia wewe.

Pesa ya matangazo na ada yako zisichanganywe hata siku moja. Kadi ya mteja iwekwe kwenye akaunti yake ya matangazo, akatwe moja kwa moja na Google au Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram. Majukwaa haya hukata pesa deni linapofika kiwango fulani, au tarehe ya malipo ya mwezi inapofika. Ukitanguliza pesa yako na mteja akachelewa kukulipa, matangazo yameshaonekana na hakuna cha kurudishwa. Isitoshe, pesa inayopita kwenye akaunti yako ya benki huweza kuonekana kama mapato yako siku ya kuhesabu kodi.

Ada ya mwezi ilipwe kabla mwezi haujaanza. Kazi ya mara moja, kama tovuti au nembo, nusu ilipwe kabla ya kuanza na nusu kabla ya kukabidhi faili asilia, yaani zile zinazoweza kuhaririwa. Ankara ikipitisha siku 7 bila malipo, kazi inasimama mpaka pesa iingie. Hili likiwa limeandikwa mapema, kusimamisha kazi hakuonekani kuwa ni hasira.

Sasa akaunti, ambako wageni wa kazi hii huumia zaidi. Kanuni ni moja: kila kitu ni mali ya mteja, wewe ni meneja. Ukurasa wa Facebook uwe chini ya akaunti ya biashara ya mteja mwenyewe, akupe ruhusa kama mshirika. Kwenye wasifu wake wa biashara wa Google, yaani ukurasa unaoonesha biashara yake kwenye ramani na utafutaji, yeye awe mmiliki mkuu. Akaunti ya Google Ads, ya kulipia matangazo ya Google, iwe yake, iunganishwe na akaunti yako ya meneja, ile inayosimamia akaunti za wateja wengi. Iangalieni vizuri sarafu mnapoifungua, kwa kuwa haibadiliki tena. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina na barua pepe yake. Neno la siri usilipokee kwa WhatsApp.

Kabla ya kutia saini, mwombe afungue simu mbele yako akuoneshe ni nani msimamizi wa ukurasa. Mara nyingi atakuwa mfanyakazi aliyeondoka zamani, au ndugu aliyemfungulia ukurasa miaka mingi iliyopita. Basi andika kwamba siku za kazi zinaanza kuhesabiwa ruhusa zote zikishapatikana, si siku ya saini. Hata kwenye wasifu wa biashara wa Google, mmiliki au meneja mpya husubiri siku 7 kabla ya kuweza kufanya baadhi ya mambo, kama kuwaondoa wengine.

Usiahidi nafasi ya kwanza kwenye Google wala idadi ya wanunuzi. Ahidi kipimo: simu zilizopigwa, meseji zilizoingia, watu walioomba maelekezo kwenye ramani, na ripoti kufikia tarehe 5 ya kila mwezi. Mteja akikupa orodha ya namba za wanunuzi, athibitishe kwa maandishi kwamba wenyewe walikubali kutumiwa matangazo. Hakimiliki nayo itajwe: sheria za nchi hutofautiana kuhusu kazi ya kuagizwa ni ya nani isipoandikwa, hivyo andika kwamba inahamia kwa mteja akishamaliza kulipa.

Muda wa mwanzo uwe miezi 3, kisha mwezi kwa mwezi, na notisi ya siku 30. Mwezi wa kwanza karibu wote huishia kwenye ruhusa, picha na majaribio, kwa hiyo mwezi mmoja haupimi kitu. Mwaka mzima nao utakufunga wewe pia kwa mteja asiyelipa. Akikutaka usimhudumie mshindani wake, kubali kwa aina moja ya biashara, kwa eneo lililotajwa, kwa muda anaolipa tu, na kwa ada ya ziada.

Mabadiliko mliyoafikiana kwa simu yaandikie ujumbe siku hiyohiyo, naye ajibu kwamba amekubali. Mkataba wako wa mfano mpe wakili ausome mara moja, kisha utautumia kwa wengi.

Kifungu cha kuachana kiseme nani anafanya nini ndani ya siku 7: faili zinakabidhiwa, ripoti ya mwisho inatumwa, ruhusa zinafutwa. Fuata mpangilio. Simamisha matangazo kwanza, mteja athibitishe kwamba ameona yamesimama, ndipo ujiondoe kwenye akaunti. Ukitangulia kujiondoa, matangazo yataendelea kula kadi yake na hutakuwa tena na njia ya kuyazima.