Bunduki ya mwanzi haitoi mlio: anza na risasi

Waalaikum salaam, ndugu yangu wa Wete. Umesema bunduki ya mwanzi uliyomtengenezea mwanao inatoa "fyuu" tu, risasi ya karatasi inaangukia miguuni na mlio hakuna.

Kabla hujakata mwanzi mwingine, tazama risasi. Zinatakiwa mbili, si moja. Ya kwanza isukume kwa kijiti mpaka ikae mdomoni mwa mwanzi. Kisha tia ya pili kwa nyuma, uisukume kwa nguvu mara moja. Hewa iliyobanwa katikati ndiyo inayoirusha ya mbele, na ndiyo inayolia "pa!"

Karatasi iloweshe hasa, uifinyange kwa vidole mpaka iwe kama tonge dogo, halafu uishindilie ijaze tundu. Ikipita kwa ulaini, ujue hewa inavuja.

Ikikataa bado, ziba mdomo mmoja kwa kidole, puliza mwingine. Ukihisi hewa ubavuni, mwanzi umepasuka. Wangu wa mwanzo niliuanika juani hapa Chake, ukachanika ufa mwembamba kama uzi ambao sikuuona kwa siku mbili nzima. Sasa naukausha kivulini. Kata kati ya fundo na fundo, tundu liwe wazi pande zote.

Na kijiti kiwe kifupi kuliko mwanzi kwa upana wa kidole, ili risasi ya pili ibaki mdomoni ingojee mwenzake.

Wawekee watoto kopo tupu juu ya kifuu washindane kuliangusha. Kulenga mtu usoni, wakatalie kabisa.