Kupika bila kuonja

Jambo la kwanza mama mkwe alilonikataza nilipoletwa Upanga biharusi lilikuwa kuonja. Nimesimama jikoni, nimechota dengu kwa mwiko nidondoshe kiganjani kama nilivyozoea kwetu, Ba, ndivyo tunavyomwita mama mkwe, akanishika mkono. Hakuwa mkali. "Mwenyewe hajala," akasema, akaonyesha kwa kidevu kona ya sebule, kwenye kisanduku cha mbao chenye pazia jekundu la satini.

Mwenyewe ni Thakorji, yaani Krishna wa nyumbani mwetu, katika umbo la mtoto anayetambaa. Familia nyingi za Kivaishnava, yaani Wahindu wanaomwabudu Vishnu na Krishna, zenye asili ya Gujarat kule India, zinaye. Asubuhi anaamshwa, anaogeshwa, anavikwa, anaandaliwa chakula, na mchana analazwa. Kila kinachopikwa kinapelekwa kwake kwanza, juu yake jani la tulsi (ndugu yake kivumbasi, tumeuotesha kwenye ndoo iliyopasuka pale roshani). Pazia linafungwa, kengele inalia, mpishi anangoja. Kikirudi kinaitwa prasad, na hapo ndipo sisi tunakula. Waislamu wanaosoma hapa watakumbuka tabaruku. Si kitu kimoja, ila mmekaribia. Kabla ya hapo Ba alikataza hata kunusa makusudi.

Nayaeleza haya kwa sababu kila nikikaa na wenzangu swali ni moja: mtu mwenye duka, watoto, mgonjwa ndani na foleni ya Barabara ya Morogoro, anampata Mungu saa ngapi? Jibu langu ni kwamba asitafute saa. Saa haitapatikana. Mimi niliitafuta miaka kama kumi, nikaishia kuwachukia watoto kwa kunikatiza sala.

Bhagavad Gita yenyewe, kitabu chetu kitakatifu, inaanzia kwa mtu anayetaka kukimbia kazi. Arjuna, mpiganaji, yuko uwanja wa vita wa Kurukshetra, ameona ndugu na walimu wake upande wa pili, ameweka upinde chini, anasema heri aishi kwa kuomba. Krishna hamwachi aende. Katika sura ya 8 anamwambia: nikumbuke, na upigane. Katika sura ya 9 anasema lolote ulifanyalo, ulilalo, utoalo, lifanye liwe sadaka kwangu. Na katika sura ya 3 kuna aya ambayo kwetu imekaa jikoni kuliko hekaluni: wanaopika kwa ajili ya nafsi zao tu wanakula dhambi.

Ile inayojulikana zaidi, ya sura ya 2, kwamba una haki juu ya kazi na huna haki juu ya matunda yake, nilikuwa naisikia kwenye mahubiri naitikia kwa kichwa tu. Chumvi ndiyo iliyonielewesha. Ukipika bila kuonja, huna budi kupika kwa akili yote. Unasikiliza haradali inavyopasuka ndani ya mafuta, unatazama rangi ya bizari, chumvi unaipima kwa vidole vilevile kila siku. Halafu unafunika sufuria na mambo yamekwisha, huwezi kurudi kurekebisha. Watu hudhani kutojali matunda ni kutojali kazi. Jaribu siku moja kupikia watu sita bila kuonja, uniambie kama uliweza kuzembea.

Sasa niseme nilipoanguka. Siku inayofuata Diwali, sikukuu yetu ya taa, tunaadhimisha Annakut, mlima wa chakula. Vyakula vya kila aina vinapangwa mbele ya Bwana hekaluni, ngazi kwa ngazi. Mwaka mmoja nilipewa khichdi, mchele uliopikwa pamoja na dengu. Nikaamka saa tisa usiku, nikapika sufuria mbili, zile za harusi ambazo kuzishusha jikoni ni watu wanne. Mchana, wakati wa shukrani kwenye kipaza sauti, yalisomwa majina mengi, langu halimo. Lilisomwa la mama mmoja aliyefika saa nne na sari yake mpya, akapanga vibakuli. Nikarudi nyumbani nimefura. Usiku kucha nahesabu kama karani wa benki: kilo ngapi za mchele, saa ngapi za kusimama, mgongo, miguu.

Asubuhi nikamwaga yote kwa Ba. Alikuwa anakula khichdi iliyobaki, ileile yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatafuna, akameza.

"Chumvi ilizidi," akasema.

Nikaonja. Ilikuwa imezidi kweli. Ukumbi mzima ulikuwa umekula khichdi ya chumvi kimya kimya, na mimi nasubiri nishukuriwe.

Tangu siku hiyo kipimo changu ni kimoja. Nikijikuta namsimulia mtu kazi niliyomfanyia Mungu, najua nimeshaonja. (Makala hii nayo ni kuonja, naelewa. Mnisamehe.)

Halafu Ba akapata kiharusi. Mkono wa kulia na mguu vikalala. Ratiba ya Thakorji ikavurugika yote, kwa sababu saa ya kumwamsha Bwana ndiyo saa ya kumgeuza Ba asipate vidonda, na saa ya kumlisha Bwana ndiyo saa Ba anapopaliwa na uji. Nilijiona mkosaji pande zote mbili. Nikamwendea mzee mmoja wa Kisutu, mtu wa vitabu, nikitegemea ataniambia niamke mapema zaidi. Akaniuliza kama namjua Pundalik.

Hadithi ni ya Pandharpur, kule jimbo la Maharashtra, India, ukingoni mwa mto Bhima. Pundalik alikuwa akiwahudumia wazazi wake wazee, Krishna akaja mpaka mlangoni. Nje kuna matope. Pundalik hakuacha alichokuwa akifanya; akatupa tofali nje, akamwambia mgeni asimame juu yake asubiri. Mgeni akasubiri. Bado anasubiri: anaitwa Vitthal, amesimama juu ya tofali, mikono kiunoni, na kila mwaka mwezi wa Ashadh wa kalenda yetu (kama Juni na Julai) mahujaji kwa maelfu huenda kwa miguu kumwona, wengine kutoka Alandi na Dehu, safari ya kama wiki tatu. Wanakwenda kumwona Mungu aliyekubali kungoja mtu amalize kumhudumia mzazi wake.

Nilirudi nyumbani nikamlisha Ba kwanza. Thakorji alikula saa saba unusu. Vallabhacharya mwenyewe, aliyetuanzishia njia hii (1479–1531), alikuwa na mke na watoto wawili. Nadhani alijua nyumba ilivyo.

Lakini kuna hadithi nyingine ya hukohuko Maharashtra ambayo hainipi raha. Gora alikuwa mfinyanzi. Alikuwa akikanyaga udongo huku akiimba jina la Vitthal, akazama katika wimbo, asimwone mwanawe mchanga aliyetambaa mpaka miguuni pake. Akamkanyaga ndani ya udongo. Masimulizi yanaendelea mpaka mtoto anarudishiwa uhai na watu wanaimba. Mimi huwa siendelei. Nabaki pale kwenye udongo, kwa sababu nimewahi kusimama karibu yake: asubuhi moja nilimpa Ba kidonge cha presha mara mbili. Midomo ilikuwa kwenye shanga zangu 108 za kuhesabia sala, mkono ukafanya kazi peke yake. Tulishinda kliniki tukimpima kila nusu saa, akatoka salama. Shanga sasa ziko kwenye droo mpaka dawa zote ziwe zimekwisha kutolewa. Ukiona sala inayaondoa macho yako kwenye kazi, iache sala, shika kazi. Bwana ana tofali lake.

Dukani ni hivyohivyo, ingawa huko msemaji ni mume wangu. Siku ya Diwali tunaviombea vitabu vya hesabu, na kwenye ukurasa wa kwanza yanaandikwa maneno mawili, shubh na labh: heri, kisha faida. Yeye anauza spea Gerezani. Bei anaipiga vizuri, mkopo anaudai, hesabu haikosei hata shilingi. Kujitoa kwa Mungu hakujamfanya mjinga wa biashara. Kilichobadilika, anasema, ni kwamba mteja akienda duka la pili, yeye hakeshi akiliwaza jambo hilo.

Kuna neno moja nalisema bila kupakapaka. Seva, huduma ya kujitolea, mtu huitoa, haidaiwi. Nimewasikia matajiri wakimwambia dada wa kazi, wa mshahara mdogo, kwamba kazi ni ibada, afanye asihesabu. Huo ni wizi wenye harufu ya ubani. Ibada ya mwajiri ni kulipa tarehe mosi. Janabai alikuwa mtumishi katika nyumba ya mtakatifu Namdev, karne saba zilizopita, na katika mashairi yake Vitthal anakuja kusaga naye kwenye jiwe la kusagia, anamchana nywele. Angalieni vizuri nani anamsaidia nani pale. Bwana hakumwambia Jana asage zaidi. Alikaa chini akashika mpini wa jiwe.

Kwa anayetaka kuanza, na hata kama dini yako si yangu, asianze na maisha yote. Achukue kazi moja, ile ambayo hakuna anayeona kama imefanyika ila ikikosekana. Kuosha choo. Kukunja nguo za wengine. Kabla ya kushika, aseme maneno machache ya kuitoa; sisi tunasema Shri Krishna sharanam mamah, Krishna ndiye kimbilio langu, wewe una yako. Kisha aifanye vizuri, vizuri kweli, maana mgeni anayetegemewa si mdogo. Akimaliza aondoke. Hapo kwenye kuondoka ndipo penye ugumu. Mkono unataka kubaki kidogo, kurekebisha, kungoja mtu apite aone. Mimi huhesabu hatua mpaka mlangoni. Na siku ukishindwa, ukanuna, ukadai asante, basi umeonja. Kesho kuna chakula kingine cha kupika.

Ba sasa anakula kwa mkono wa kushoto. Maneno yamepungua, ila la chumvi halijampotea, analitoa karibu kila mchana, kuzidi au kupungua. Jumamosi ni zamu yetu hekaluni. Safari hii sikuomba jiko. Nimeomba masufuria, yale ya chini yenye ukoko ulioungua, na yule mama wa sari mpya ameniambia atakuja kusugua na mimi. Nimemwambia alete waya wake, wa hekaluni umekwisha.