Sura iwe ndefu kiasi gani?

Kila ninapokaa na waandishi chipukizi, swali hili haliniachi: sura iwe na maneno mangapi? Mtu hajamaliza hata sura ya pili, keshataka kipimo. Simcheki, maana nami nilianza na kipimo, tena cha kupewa.

Hadithi yangu ya kwanza ilitoka gazetini kwa mfululizo. Mhariri alinipa maneno 1,200 kwa wiki, nami nikawa nakata popote nafasi ilipoishia: mlango unagongwa, simu inaita, bastola inachomolewa. Itaendelea! Ilipokwisha nikakusanya vipande vyote 34, nikaviita sura 34, nikajiona nina kitabu. Mdogo wangu aliusoma mswada usiku mmoja. Asubuhi akaniuliza, "Kaka, hivi huu mlango utagongwa mara ngapi?"

Alikuwa na haki. Msomaji wa gazeti anangoja siku saba, hivyo lazima umkumbushe yaliyopita na umwachie kiu. Mwenye kitabu mkononi anafunua ukurasa tu. Charles Dickens, mwandishi Mwingereza wa karne ya 19, alizitoa riwaya zake nyingi kubwa katika vijitabu vya kila mwezi vya kurasa 32, lakini ndani ya kijitabu kimoja mara nyingi mlikuwa na sura tatu au nne, ndefu kwa fupi. Karatasi ilikuwa na kipimo chake, sura zikawa na chake. Mimi nilivichanganya.

Nikaanza upya. Kwa kila sura niliandika sentensi moja pembeni: mhusika ameingia na nini, anatoka na nini. Sura ya 7, ya 8 na ya 9 zikatoa sentensi ile ile: mama anagundua kwamba shamba limeuzwa. Nikaziunganisha. Nyingine ikakataa kukaa ndani ya sentensi moja, nikaipasua. Mwishowe zikabaki 19. Iliyo fupi kuliko zote ni ukurasa mmoja na nusu: baba anarudi safari, anakuta kufuli mlangoni. Mhariri wa kitabu alitaka niirefushe ilingane na wenzake. Nikagoma. Baba amesimama mbele ya kufuli, nimwongezee nini?

Kuhusu vile vipimo vya maneno 3,000 hadi 5,000 kwa sura mnavyotumiana, angalieni vimetungwa kwa lugha gani. "Hatukukuelewa" kwetu ni neno moja. Kiingereza kinatumia matano. Ukijaza maneno 5,000 ya Kiswahili, sura yako huenda ikazidi kwa mbali ile aliyoikusudia mwenye kipimo. Mimi sihesabu maneno; husoma sura kwa sauti, saa ikiwa mezani, nipime dakika. Ukiwa unawaandikia wanafunzi ndiyo zaidi: kipindi ni dakika 40, na mwalimu anahitaji muda wa kuita majina na kuuliza maswali. Sura ya dakika 20 inamfaa; ya dakika 50 itakatwa na kengele, tena mahali ambapo hukupachagua.

Ila rasimu ya kwanza msiipime. Iacheni imwagike. Ukishafika mwisho, ukakuta sura moja ina maneno 900 na jirani yake 6,000, anza na hiyo kubwa. Tafuta pale ulipoweka nyota tatu (***) za kutenganisha matukio, au ulipoandika "baada ya miezi miwili". Mara nyingi sura nyingine imejificha hapo hapo.