Ukiruka na parachuti mara ya kwanza, jiandae kwa mlango

Tangu nirudi kutoka Diani, pwani ya Kenya, nilikoruka na parachuti, swali ninaloulizwa zaidi hapa Goma ni moja: ukijiachia, tumbo halipandi mpaka kooni? Halipandi. Ndege inayokubeba inakwenda mbele kwa zaidi ya kilomita 130 kwa saa, na wewe ukitoka unaondoka na mwendo ule ule. Upepo unakupokea tangu sekunde ya kwanza, mwili unapinda kuelekea chini kidogo kidogo, na baada ya sekunde kumi hivi kasi haiongezeki tena. Hofu ya kuanguka, ile inayowazuia wengi, naweza kukutoa. Hofu ya mlango wa ndege, ule unaotokea, siwezi, ila naweza kukueleza ilivyo ili usikutane nayo ukiwa mgeni kabisa.

Kuruka tandemu maana yake umefungwa kifuani kwa mwalimu, wewe mbele, yeye nyuma, kwa ndoano nne: mbili mabegani, mbili kiunoni. Parachuti zote ziko mgongoni mwake. Nasema zote kwa sababu ni mbili, ile kubwa na ile ya akiba. Kubwa ikifunguka vibaya, anaiachilia iende zake, kisha anafungua ya akiba. Kuna pia kifaa kidogo kinachopima mgandamizo wa hewa. Kikiona mmeshuka hadi mita 600 hivi na bado mnaanguka kwa kasi, kinafungua parachuti ya akiba chenyewe, hata kama mwalimu amezimia. Mimi singeruka na kampuni isiyo nacho. Kabla hujatoa hata dola moja, uliza kama kifaa hicho kipo, uliza nani anakunja parachuti ya akiba na kama ana cheti cha kazi hiyo, uliza mwalimu ameruka mara ngapi. Chama cha warukaji cha Marekani kinataka mwalimu wa tandemu awe na miaka mitatu katika mchezo huu na awe ameruka angalau mara 500. Tumia kipimo hicho popote uendapo. Mwalimu mzuri hakasiriki. Wangu alinigeuzia mgongo, akanionyesha kioo cha kifaa kikiwa kimewashwa.

Fomu utakayopewa itakuwa ya Kiingereza, ndefu, na inasema kwamba hatari unaikubali wewe mwenyewe. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tusione aibu: kaa, omba usomewe mstari kwa mstari, ndipo uweke sahihi. Safari yenyewe haina maneno mengi. Unavuka mpaka hadi Gisenyi, Kigali, Nairobi, treni hadi Mombasa, kivuko cha Likoni, umefika. Usipange kuruka siku unayofika, maana uchovu wa barabara unazidisha kichefuchefu.

Mwili sasa. Jipime uzito kabla ya kusafiri, kwa sababu kampuni nyingi zinaweka kikomo karibu na kilo 100 na mizani iko pale pale uwanjani. Bega lililowahi kuteguka, mgongo mbovu, moyo, mimba: hayo mweleze daktari wako kwanza, usimfiche na mwalimu. Kuhusu mafua nasisitiza, kwa sababu watu wanayadharau. Ukianguka, unapoteza zaidi ya mita elfu moja kwa chini ya dakika moja, na pua ikiwa imeziba, masikio hayapati njia ya kusawazisha hewa. Maumivu yake ni makali na sikio linaweza kuumia kweli. Ukiwa na mafua, ahirisha. Asubuhi kula kidogo, chai na mkate vinatosha; usipande na sahani ya bugali tumboni, wala usipande na njaa. Pombe ya usiku uliotangulia iache. Dada zangu, wigi na hereni vibaki chini, na misuko ifungwe vizuri nyuma, isimpige mwalimu usoni.

Kupanda kunachukua dakika ishirini hivi. Sisi watu wa Kivu ndege ndogo tunazijua, wengi wetu tumepanda kwenda Walikale au Beni, kwa hiyo kelele na mtikisiko havitakushtua. Baridi itakushtua. Mtarukia kati ya mita 3,000 na 4,000, na kilele cha Nyiragongo kiko mita 3,470. Aliyewahi kulala kule juu anajua ninachosema, hata kama chini ufukweni watu wanatokwa jasho.

Halafu mlango unafunguliwa. Upepo unaingia kwa kishindo, mwalimu anakaza kamba zako mara ya mwisho, mnasogea mpaka ukingoni, miguu yako inaning'inia nje. Hapo mwili unakataa. Akili imeshakubali tangu Goma, pesa imeshalipwa, ila mikono inatafuta pa kushika. Usishike mlango. Una kazi tatu tu, na kuzirudia kimoyomoyo ndiko kulikonisaidia: kichwa nyuma kwenye bega la mwalimu, mikono kifuani imeshika kamba, miguu imekunjwa nyuma chini ya tumbo la ndege. Kama unasali, sali wakati mnapanda, kama nilivyofanya mimi, kwa sababu mlangoni hakuna muda. Anayeamua kutoka ni mwalimu, na kutoka kwenyewe hakuchukui hata sekunde mbili.

Nje, mwalimu anaachia kiparachuti kidogo kinachowavuta kwa nyuma. Bila hicho, uzito wa watu wawili ungewapeleka karibu kilomita 300 kwa saa. Nacho, mnashuka kwa 200 hivi. Akikugonga bega, fungua mikono. Wengi wanadhani hewa imekatika, kama unapotoa uso nje ya dirisha la gari linalokimbia. Piga kelele: ukitoa pumzi, nyingine inaingia yenyewe. Muda huu ni nusu dakika hadi karibu dakika nzima, kutegemea kimo. Lipia video ukiweza, maana sekunde za mwanzo kichwa hakizihifadhi.

Parachuti inafunguliwa kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari. Goma yetu imekaa kimo hicho hicho, na jambo hilo lilinishangaza kuliko yote. Unavutwa juu, kamba zinabana mapaja, kelele inakwisha ghafla, mnaanza kuzungumza sauti ya kawaida. Meza mate masikio yafunguke. Mna dakika tano au zaidi, matumbawe yanaonekana chini ya maji. Ukisikia kichefuchefu, mwambie mwalimu asizungushe. Hapo hapo anaacha.

Kutua kunahitaji mazoezi. Miguu yako lazima iinuke, imenyooka mbele, mpaka mwalimu aguse ardhi kwanza, la sivyo kifundo chako ndicho kinapokea uzito wa wawili. Jaribu nyumbani: kaa kitini, inua miguu yote miwili, shikilia chini ya mapaja, hesabu hadi kumi. Kama huwezi, anza wiki kadhaa kabla.

Na weka siku mbili za ziada kwenye safari. Upepo ukizidi au mawingu yakishuka, hawapandishi mtu, na wana haki. Uliza mapema, na upewe kwa maandishi, kama siku hiyo pesa inarudishwa au inasubiri siku nyingine.